Mwenzi wa Ndoa Anapopooza Kibuye: Hesabu ya Kitanda na Hesabu ya Saa

Jamaa wakikutana kuzungumzia mgonjwa wa kiharusi, swali la kwanza huwa kitanda. Mume ameruhusiwa kutoka wodini, upande wa kulia umepooza, na nyumbani hakuna aliyewahi kumgeuza mtu mzima kitandani. Mmoja anasema, "Si tumpeleke nasing homu wamwangalie walio na ujuzi?" Mwingine anauliza ni pesa ngapi kwa siku. Bei inatajwa, watu wanaguna, na uamuzi unafanywa hapo hapo kwa kulinganisha bei hiyo na sufuri, kana kwamba kumtunza mtu nyumbani ni bure.

Si bure, na bei ya kitanda peke yake haikuambii unachonunua. Wiki ina saa 168. Mtu asiyeweza kusimama wala kujigeuza anahitaji mtu wa kumsikia katika kila saa ya hizo, mchana na usiku. Kwa hiyo kipimo cha kulinganishia nasing homu, hospitali ya serikali, nyumba ya wazee, mhudumu wa nyumbani na boma la mashambani ni kimoja: kila chaguo linakupa saa ngapi za uangalizi, kwa shilingi ngapi, na saa zinazobaki zinamwangukia nani. Mara nyingi zinamwangukia mke au mume aliyebaki mzima.

Ili tusizungumze hewani, tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme mke anauza omena soko la Kibuye, Kisumu, na nyumba yao ni vyumba viwili karibu na Kondele. Mume ana miaka 61. Hawezi kusimama peke yake, anakula akilishwa, anavaa daipa, lakini anaelewa kila kinachosemwa. Kibanda kinaleta faida ya shilingi 800 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 20,800. Makadirio yoyote nitakayotoa hapa badilisha uweke ya kwako. Njia ya hesabu ndiyo ya kushika.

Jua kwanza unaloingia

Nchini Kenya, jengo lenye kibao cha nasing homu kwa kawaida ni hospitali ndogo ya binafsi: wodi chache, chumba cha kujifungulia, maabara, duka la dawa, na daktari au afisa wa kliniki. Leseni yake hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Kazi yake ni kutibu mtu kisha kumruhusu aende nyumbani. Makao ambapo mzee au mgonjwa huishi kwa miezi na miaka akiogeshwa, akilishwa na kufanyishwa mazoezi ni kitu kingine, na katika mji wa Kisumu makao ya namna hiyo ni adimu.

Tofauti hii ina maana kubwa mfukoni. Ukimlaza mume nasing homu kwa sababu nyumbani hakuna wa kumtazama, utalipa bei ya hospitali kwa huduma ambayo wauguzi wa pale hawakuajiriwa kuitoa. Muuguzi yupo kwa ajili ya dawa, sindano, presha na kidonda. Kuogesha, kulisha na kubadilisha daipa mara nyingi huachiwa jamaa. Uliza mapema: "Usiku mnamgeuza mgonjwa mara ngapi?" Ukijibiwa, "Mama, usiku mtu wenu ndiye atakaa naye," basi umeshajua kwamba kitanda kile hakina saa za usiku ndani yake.

Chaguo la kwanza: wodi ya serikali

Kutoka Kibuye, hospitali kubwa ya karibu ni Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa 1969. Siku hizi imepandishwa hadhi kuwa hospitali ya rufaa ya kiwango cha 6. Hapo ndipo pa kumkimbiza mtu saa za kwanza za kiharusi, na hapo ndipo pa kurudi kwa daktari bingwa na mazoezi ya viungo.

Nguvu yake ni wataalamu, vipimo na bei. Udhaifu wake, kwa mtu anayetafuta mahali pa kumweka mwenzi wake, ni kwamba wodi ya rufaa inahitaji kitanda kwa mgonjwa anayefuata. Hali ikitulia, mnaruhusiwa. Tumia siku za wodini kama shule. Kabla ya kuruhusiwa, muombe muuguzi na mtaalamu wa mazoezi wakuonyeshe kwa mikono yako: kumgeuza, kumkalisha, kumlisha bila kupaliwa, kutunza mpira wa mkojo. Somo hilo ukilikosa, utalilipia baadaye kwa vidonda.

Chaguo la pili: nasing homu ya binafsi

Faida zake ni utulivu, ukaribu na kibanda, na saa za kutembelea zinazomfaa mtu wa soko. Ikiwa na mkataba na SHA, bima ya afya ya serikali, sehemu ya bili inalipwa nayo.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme wanadai 3,500 kwa siku. Siku 30 ni 105,000, kabla ya dawa, vipimo na daipa. Viwango vya SHA vilivyotangazwa mwishoni mwa 2024 vinailipa hospitali 2,240 kwa siku ya kulazwa katika kiwango cha 3, 3,360 katika kiwango cha 4 na 4,480 katika kiwango cha 6. Ikiwa nasing homu hiyo ni ya kiwango cha 3 na inakutoza tofauti, unabaki na 1,260 kwa siku, au 37,800 kwa siku 30. Lakini SHA hulipia matibabu ya mgonjwa ambaye daktari ameona anahitaji kulazwa. Hailipii makazi. Tena siku za kulazwa zina kikomo cha 180 kwa mwaka kwa kaya nzima, si kwa kila mtu. Ukizimaliza zote kwa mgonjwa mmoja, mtoto akiugua Novemba mtalipa mfukoni.

Sasa pima saa. Tuseme wodi ina wagonjwa 12 na kila zamu ina wahudumu wawili. Kwa siku hiyo ni saa 48 za kazi, ukigawanya kwa 12 unapata saa 4 kwa kila mgonjwa, au 28 kwa wiki. Kwa 3,500 kwa siku, kila saa ya mikono ya mhudumu imekugharimu 875. Bei hiyo ina haki yake pale ambapo ndani yake kuna muuguzi wa usiku, oksijeni, na daktari wa kuitwa saa nane za usiku. Haina haki pale ambapo mgonjwa amelala tu akisubiri mkewe afunge kibanda aje kumlisha.

Kwa hiyo nasing homu nunua kwa sababu maalumu na kwa siku zinazohesabika: homa ya mapafu, kidonda cha kulalia kilichozama, presha isiyoshuka, degedege, mpira wa mkojo ulioziba. Na sababu moja ambayo watu huionea haya: mlezi amechoka kabisa. Wiki moja ya kumlaza mume ili mke alale ni 24,500 kwa bei ya mfano wetu, bila SHA. Ni pesa nyingi, lakini ni chache kuliko bili ya watu wawili waliolazwa.

Chaguo la tatu: nyumba ya wazee

Nyumba zinazojulikana zaidi nchini ziko mbali na ziwa. Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, huendeshwa na watawa wa shirika la Little Sisters of the Poor, na wito wao ni kuwatunza wazee maskini. Nairobi pia ina makao ya binafsi ya kulipia, ambayo hulenga familia zenye mapato makubwa. Kutoka Kisumu ni safari ya zaidi ya kilomita 300.

Kwa mzee aliyebaki peke yake bila watoto, hili laweza kuwa chaguo jema. Kwa mtu na mwenzi wake, bei yake kubwa ni umbali. Mke wa Kibuye atamwona mumewe mara chache kwa mwaka, na mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kusema vizuri anamhitaji hasa yule anayeelewa manung'uniko yake. Tena umbali hupunguza ulinzi. Mwaka 2023, BBC Africa Eye ilitoa filamu iliyopigwa kwa siri katika nyumba moja ya wazee huko Kikuyu, ikionyesha wakazi wakipuuzwa na kutendewa vibaya. Ulinzi wa kweli wa mgonjwa asiyeweza kulalamika ni jamaa anayeingia bila taarifa, na safari ya kilomita 300 haifanywi bila taarifa.

Chaguo la nne: mhudumu wa nyumbani

Hapa ndipo hesabu hukosewa zaidi, kwa sababu watu hufikiria mshahara wa kusikia mtaani badala ya ule wa kisheria. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Asiyelala kwako unamwongezea asilimia 15 ya nyumba, inafika 18,530 na senti. Weka mchango wa mwajiri wa NSSF, asilimia 6, na ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Jumla ni karibu 19,920. Anayelala kwako, ukimpa chumba, ni karibu 17,320 pamoja na chakula chake.

Anakupa nini? Sheria inaruhusu saa 52 za kawaida kwa wiki, katika siku sita, na siku moja ya mapumziko. Kwa mwezi ni kama saa 225. Saa moja inakugharimu takriban shilingi 88, na mikono yote ni ya mgonjwa mmoja. Ilinganishe na ile 875 ya wodini.

Lakini tazama pia zinazobaki: 168 ukiondoa 52 ni 116. Wahudumu wawili wa kutwa ni karibu 39,840, na bado zinabaki saa 64. Watatu ni 59,760, na bado zinabaki 12. Hakuna mfanyakazi mmoja anayeweza kumaliza kazi hii kwa halali, hata akilala kwenu. Familia inayomweka msichana mmoja wa miaka 19 amwangalie mgonjwa usiku na mchana, wiki nzima, inamdhulumu, na mgonjwa naye atakuwa mikononi mwa mtu anayesinzia.

Linganisha sasa na kile kinachoitwa bure. Mke akifunga kibanda amwuguze mume mwenyewe, nyumba inapoteza 20,800 kwa mwezi. Mhudumu wa kutwa ni 19,920. Katika mfano wetu, kumwajiri mtu ni nafuu kuliko kumwondoa mke sokoni, na hilo ni kabla ya kuhesabu wateja wa miaka mingi watakaohamia kibanda cha jirani. Kama faida ya kibanda chako ni ndogo kuliko hiyo, hesabu itageuka. Ifanye kwa daftari lako.

Jambo moja la Kibuye usilisahau: siku kubwa ya soko ni Jumapili. Mhudumu anayepumzika Jumapili atakukosesha mauzo ya siku bora ya wiki. Kubalianeni mapema. Kisumu ina Wasabato wengi, na mhudumu Msabato atafurahia kupumzika Jumamosi na kuja Jumapili. Mwingine anaweza kukubali Jumatatu. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Ukimtafuta, angalia kitambulisho, cheti cha tabia njema, na kama amesomea uuguzi wa nyumbani. Anayejiita muuguzi, jina lake liwe kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Kuogesha na kulisha si lazima muuguzi. Kubadilisha mpira wa mkojo au kuosha kidonda kirefu ni kazi ya muuguzi. Usilipe mshahara wa muuguzi kwa mwezi mzima kama unamhitaji mara moja au mbili kwa wiki. Mlipe kwa kila ziara.

Chaguo la tano: kumpeleka dala

Wengi huamua kumrudisha mume dala, yaani boma la kwao mashambani, Seme, Nyakach, Gem au Alego. Kuna nafasi, kuna kivuli, kuna ndugu, na hakuna kodi. Mwanamume aliyejenga dala yake huwa na amani akiwa ndani yake, na amani hiyo ina thamani kwa mgonjwa.

Gharama yake imejificha kwenye safari. Mazoezi ya viungo huzaa matunda makubwa zaidi katika miezi ya kwanza baada ya kiharusi. Mume akipelekwa mbali katika miezi hiyo, nafasi inapotea. Hesabu nauli ya kliniki, ya gari la kukodi kwa sababu matatu haimfai, na ya mke kila mwisho wa wiki. Na uliza bila kuogopa: huko dala, ni nani hasa? Ukijibiwa "watu wapo", omba jina. Mara nyingi jina hilo ni la mama mkwe mwenye miaka 80 au binti aliyeacha shule. Mama wa miaka 80 hana nguvu za kumgeuza mwanawe, na binti anatakiwa darasani.

Ukitaka dala, mpeleke baada ya miezi ya mazoezi, pamoja na mhudumu anayelipwa na ratiba iliyoandikwa.

Pesa zinazoweza kusaidia

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wake, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600. Mke na mume wako katika kaya moja, hivyo hakikisha mwenzi wako ameandikishwa chini ya jina lako au wewe chini ya lake, kabla hajalazwa. Matibabu bila kulazwa katika vituo vya kiwango cha 2 na cha 3 vilivyo chini ya Mfuko wa Afya ya Msingi hayalipishwi. Chukua dawa za presha huko badala ya kununua kila mwezi dukani.

Nenda pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Aliyepooza hupimwa hospitalini na kusajiliwa, na usajili huo hufungua mlango wa kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu. Akiwa bado na mapato, anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa mapato ya hadi 150,000 kwa mwezi.

Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwalipa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na zaidi 2,000 kwa mwezi, na kuna fungu kama hilo kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji mtu wa kumwangalia muda wote. Kwa kipimo chetu cha 88, shilingi 2,000 ni kama saa 22 za mhudumu. Hazitoshi, lakini ni karibu jioni moja ya mapumziko kila wiki. Mume wa miaka 61 bado hajafika 70, kwa hiyo ombi lake lipite kwa njia ya ulemavu.

Kama alikuwa akichangia NSSF na madaktari wamethibitisha hataweza kufanya kazi tena, uliza malipo ya kutojiweza. Watu wengi husubiri umri wa kustaafu na kumbe mlango uko wazi.

Na kuna saa zisizo na bei. Wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumbani kupima presha na sukari. Jua jina la wa mtaa wenu. Jumuiya ya kanisani, kama zile za parokia ya Mtakatifu Theresa hapo Kibuye, na chama cha sokoni mara nyingi huuliza "tusaidie na nini?" Usijibu "maombi tu." Omba usiku wa Jumanne. Omba mtu wa kukaa naye Jumapili kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana. Harambee ya pesa huisha kwa mwezi. Zamu ya usiku mmoja kwa wiki inaweza kudumu mwaka.

Kuandaa nyumba

Kitanda cha hospitali si lazima ukinunue kipya. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanaweza kukuinulia kitanda cha kawaida kwa miguu ya chuma hadi godoro lifike kiunoni mwa anayehudumia, na kukiwekea vyuma vya pembeni vinavyoshuka na ubao wa kichwani unaoinuka. Pima kwanza urefu wa mlezi, kisha umpe fundi kipimo. Kitanda kifupi huvunja mgongo wa mlezi, na mgongo ukivunjika mpango mzima umekwisha. Nunua godoro zito lisilobonyea hadi mbao, na ulifunike kwa plastiki chini ya shuka.

Asiyejigeuza hugeuzwa kila saa mbili, yaani mara 12 kwa siku. Kunja leso pana na uitandike chini ya makalio na mabega yake. Kunja goti lake lililo upande wa mbali nawe. Shika leso kwa mikono miwili karibu na mwili wake, mwambie unachotaka kufanya, kisha mvute aje upande wako, usimsukume. Mto mmoja uwe nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti. Kisigino kisiguse godoro: weka taulo iliyokunjwa chini ya shavu la mguu mpaka kisigino kielee. Angalia nyonga, mfupa wa mkia na visigino kila asubuhi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo papasa kwa kidole. Pakiwa pagumu au pana joto kuliko pembeni, asilale upande huo siku hiyo.

Kulisha nako kuna utaratibu: akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Uji mwepesi na chai humpalia zaidi kuliko uji mzito. Akikohoa kila akimeza, rudi hospitalini.

Daipa zihesabu kwa mwezi. Tatu kwa siku ni 90. Gawanya bei ya pakiti kwa idadi iliyomo ndipo ujue ipi ni nafuu, kwa sababu pakiti ya bei ya chini mara nyingi ina chache. Mpira wa mkojo wa kawaida hubadilishwa ndani ya wiki nne. Ule wa silikoni hukaa hadi wiki 12. Wa silikoni bei yake ni ya juu, lakini unakupunguzia ziara mbili za muuguzi.

Kabla ya kulipa dipoziti

Popote utakapompeleka, uliza na uandike majibu. Leseni ya mwaka huu iko ukutani? Mna mkataba na SHA, na ni kiwango cha ngapi? Bei ya siku imejumuisha nini: chakula, daipa, kufua, mazoezi, daktari? Usiku kuna wahudumu wangapi kwa wagonjwa wangapi? Naweza kuja bila taarifa? Dipoziti inarudishwa lini? Kisha omba kupita wodini saa mbili usiku. Nusa. Tazama kama maji ya kunywa yako mahali mgonjwa anaweza kuyafikia.

Bili ikikushinda, fahamu kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa Pumwani, kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Deni linabaki deni. Panga namna ya kulilipa kwa maandishi, lakini mgonjwa aende.

Na maadamu mwenzi wako anaelewa na anaweza kutia sahihi au kidole gumba, malizeni mambo ya benki, shamba na hati ya uwakilishi mbele ya wakili. Akishapoteza uwezo wa kuelewa, hata mke wa ndoa atalazimika kwenda mahakamani kuomba kusimamia mali ya mumewe, na mhudumu hasubiri kesi iishe ndipo alipwe.

Uamuzi wangu

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Lakini kuhusu mahali pa kuishi aulizwe, kwanza na kabla ya ndugu zake. Ibara ya 57 ya Katiba inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali, na hakuna heshima pale ambapo mtu anayeelewa kila neno anahamishwa kama samani.

Mgonjwa aliyetulia lakini hawezi kujihudumia, na mwenzi wake ana kazi: mhudumu mmoja wa kutwa, muuguzi kwa ziara, mazoezi Russia, na zamu mbili za usiku kutoka kwa jamaa au jumuiya. Katika mfano wetu ni 19,920 na gharama za muuguzi, dawa na daipa. Ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa nyumba nyingi za Kibuye.

Mgonjwa ambaye hali inabadilika kila siku: wodi ya serikali au nasing homu, mpaka atulie. Uliza tarehe ya kutoka siku ile ile ya kuingia.

Mwenzi mwenyewe ni mzee au mgonjwa, na watoto wako mbali lakini wana mishahara: wahudumu wawili, karibu 39,840, watoto wakigawana, na mmoja wao apewe kazi ya kuja bila taarifa kila mwezi. Pesa zao zitamfaa zaidi baba au mama zikienda huko kuliko zikilipia kitanda cha wodi kwa miezi.

Asiye na mtu kabisa: nyumba ya wazee, baada ya kuitembelea zaidi ya mara moja.

Katika kila mpango, andika mapumziko ya mlezi kabla ya kuandika kitu kingine chochote: siku moja kamili kwa wiki, usiku mbili za kulala bila kuamshwa, na presha yake ipimwe siku ile ile ya presha ya mgonjwa. Bajeti isiyo na mstari huo itadumu wiki chache, kisha mtarudi kwenye kikao kile kile mkiwa na wagonjwa wawili. Anayesema mstari huo ni anasa aulizwe ni usiku upi wa wiki atakuja kulala kwenye kiti kando ya kitanda, na akitaja, mwandikeni.